Ndege Sita za Tauno Hietakangas

Wapendwa waombolezaji, mliowahi na mliocheleweshwa na theluji, mimi Eino Vuorela, mchungaji mstaafu na shemeji wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea safari yake.

Ndugu yetu Tauno Ilmari Hietakangas alizaliwa tarehe 14 Februari 1918 huko Lapua, mtoto wa tatu wa seremala Heikki na Mama Hilja, akasoma hapohapo na baadaye Vaasa, akahitimu mwaka 1937, kisha akaingia shule ya urubani ya Kauhava, ambako vitanda vyetu vilikuwa jirani.

Alipigana vita vyote viwili dhidi ya Warusi, vya 1939 na vya 1941, na tangu mwaka 1945 alifundisha hesabu hapa Joensuu hadi alipostaafu mwaka 1981. Tarehe 22 Juni 1946 alifunga ndoa na dada yangu Saimi, wakajaliwa watoto wawili, Raili na Olavi.

Kwa miaka arobaini alilinganisha katika daftari lake umahiri wa marubani wa kivita wa mataifa mbalimbali, na katika sauna, bafu la mvuke la maveterani, wenzake walipowatukuza Wajerumani kwa wingi wa ndege walizoangusha, aliwajibu kwamba vipimo havilingani, maana kuna walioruka hadi wakafa na kuna waliorudishwa nyumbani kufundisha, kuna waliogawana ushindi mmoja nusu kwa nusu na kuna waliouandikia kikosi kizima. Warusi, hata hivyo, aliwaweka mkiani, na hoja yake kuu ilikuwa ndege ya saba aliyoiangusha, ya tarehe 9 Agosti 1942, karibu na Ziwa Onega, iliyotumbukia msituni ikifuka moshi kana kwamba rubani wake hakufundishwa kitu. Kikosini kwetu ushindi haukuandikwa pasipo shahidi, na shahidi wa ndege ile nilikuwa mimi.

Mwaka 1992, kumbukumbu za upande wa pili zilipofunguliwa, aligundua kwamba ndege ile ilirudi kituoni, na rubani wake, Lev Zubarev, yu hai mjini Petrozavodsk. Mei 1993 walikutana mezani kwa Saimi, Raili akiwatafsiria, na mgeni akaeleza kwamba moshi ule ulikuwa wa injini iliyokamuliwa mno, naye akashuka hadi kwenye vilele vya misonobari akaenda zake.

"Basi bwana, siku ile ulinizidi," Tauno alisema.

"Nilikuwa nakimbia tu, mzee mwenzangu," akajibu Zubarev. "Ila wewe shabaha huna."

Tauno akaanza daftari lake upya, akataka ushindi ule ufutwe. Olavi alikataa, akisema nishani ilitolewa kwa ndege saba, na si adabu kumpunguzia baba heshima.

Septemba 1994 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akalazwa tarehe 3 Januari 1995, akafariki tarehe 19, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla aliniambia, "Shemeji, mimi siwezi kuifuta ndege ile. Iliandikwa kwa neno lako."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioondoa theluji mlangoni, walimu wenzake, na Mzee Zubarev, aliyevuka mpaka kwa basi na ameketi kando ya mjane.

Wagiriki wa kale hawakuona haya kumsifu adui hodari. Nami, mbele ya jeneza hili, kwa ridhaa ya Olavi aliyoitoa asubuhi ya leo, nauondoa ushahidi wangu wa miaka hamsini na miwili: marehemu aliangusha ndege sita.

Pumzika kwa amani, Tauno, hesabu imekaa sawa.