Slivu za Sirili

Benchi la mtaa wa Njoro lilikuwa ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya madebe mawili ya mchanga. Ng'ambo ya barabara lilitazamana na banda la mabati la Sirili, fundi wa injini. Mwenye benchi alikuwa Mzee Shekue, muuza kahawa wa Tanga, ambaye alipenda kusema kuwa amepanda hadi Moshi ili awauzie Wachagga kwa kikombe kahawa waliyokwisha kuiuza kwa gunia. Yeye alikuja na birika, wenzake wakaja na midomo. Alikuwapo Faustin wa kiwanda cha sukari, aliyeitwa Molasi kwa kuwa kila alichokisema kilinata. Alikuwapo Ebenezeri wa Machame, mwinjilisti mstaafu, waliyemwita Mzee Amina, maana alifunga kila hoja kwa neno hilo hata hoja yenyewe ikiwa uongo. Na alikuwapo Primus, fundi wa injini naye, jina lake la benchini Spana. Primus alikaa pembeni kabisa, kaipa barabara mgongo ili asilione banda la Sirili. Lakini masikio hayana mgongo.

Na siku hiyo masikio yalikuwa na kazi. Trekta la kijiji cha ujamaa cha kule tambarare, kuukuu, lililoachwa na mlowezi aliyerudi kwao, lilikuwa limechoka injini. Lilikula oili kama ng'ombe alavyo majani ya migomba, likatoa moshi wa buluu. Dawa yake ilikuwa kubadili slivu, yale makopo ya chuma yanayokaa ndani ya bloki ya injini, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu mpya zilipofika kutoka Dar es Salaam, Mwenyekiti wa kijiji alizipeleka kwa Primus, kama ilivyokuwa desturi tangu kijiji kianze. Primus akaweka gogo juu ya ile ya kwanza, akaigonga kwa nyundo. Ikaingia upande. Akaigonga tena kuinyoosha, ikapasuka.

Mwenyekiti hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliifunika bloki kwa gunia, akaipakia mkokotenini, akavuka nayo barabara hadi kwa Sirili. Sirili akaitafuta slivu ya kufidia ile iliyopasuka, akazitia zote, na hakuna aliyesikia nyundo ikilia. Leo trekta lilikuwa liwashwe hapo bandani. Mwenyekiti alikuwa ametamka mbele ya watu: likiwaka na kutulia, pampu ya kijiji, mashine ya kusaga na trekta lenyewe vyote vitakuwa mikononi mwa Sirili. Likishindwa, Primus atarudishiwa kazi zake.

— Mimi nasema Sirili katia mafuta ya nguruwe, alisema Molasi. Slivu ikateleza kama kambare.

— Slivu ni ya kubana, alijibu Primus bila kugeuka. Ikiteleza kuingia, itateleza na kazini.

— Basi ni zile ringi za pistoni. Chanda chema huvikwa pete.

Mzee Shekue alimwambia kuwa methali hiyo ni ya binadamu, tena binadamu mwenye tabia njema. Molasi akajibu kuwa pistoni yenye tabia mbaya ndiyo ilayo oili, kwa hiyo hajakosea.

Mzee Amina aliweka kikombe chini. Yeye alikuwa na habari kutoka juu. Mpagazi mmoja wa watalii, mwanakwaya wake wa zamani, alimwona mtu akishuka kutoka kilele cha Kibo na gunia begani, gunia linadondosha maji. Ilikuwa theluji, na theluji hiyo ilikwenda kwa Sirili. Chuma kikipigwa baridi hunywea, alieleza, kama mtu aliyeitwa na balozi wa nyumba kumi. Slivu zikalazwa thelujini, zikanywea, zikaingia kwenye bloki zenyewe kwa adabu.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alimaliza. Amina.

— Hiyo ni ya jahazi, mzee, alisema Shekue. Inaingiaje hapa?

— Si mtu alikuwa anashuka?

Wakacheka. Primus hakucheka. Ndani ya upuuzi ule mlikuwa na punje moja ya kweli. Chuma hunywea kwa baridi. Alilijua hilo tangu ujana wake. Barafu ilikuwapo kwa muuza nyama, hatua chache tu. Alijua pia kwamba kutu ya zamani ilipaswa kukwanguliwa kwanza mpaka tundu ling'ae. Siku ile alikuwa na haraka ya kuonekana ni bingwa. Yote aliyoyafanya Sirili, yeye angeweza kuyafanya, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mtu akikushinda kwa uchawi, utamwogopa. Akikushinda kwa kitu unachokijua, utamchukia.

— Hakuna theluji wala nguruwe, alisema. Kazipiga msasa. Kazikondesha slivu za watu mpaka zikaingia. Zitacheza humo ndani kama jino bovu.

Benchi likamwamini, maana huyu alikuwa fundi. Molasi akauliza kama mtu aliyeweza kukondesha slivu hawezi pia kuziuza. Primus akasema anaweza. Na akiziuza, atakuwa katia nini mahali pake? Primus akaona maneno yanakuja yenyewe, matamu, akayaacha yaje. Katia mabomba ya maji, alisema. Mabomba yaliyokatwa kwa urefu wa slivu. Hapo Molasi akakumbuka kuwa bomba la mtaani halijatoa maji tangu juzi, na Mzee Amina akasema jambo hilo lifikishwe kwa Mkuu wa Wilaya, amina. Primus alijua anaongopa. Alijua vilevile kuwa hajaonja utamu kama ule tangu siku ya gogo na nyundo.

Ndipo injini ikakohoa.

Ilikohoa mara ya kwanza ikakata. Primus akaushika ukingo wa ubao. Ikakohoa tena, ikapiga chafya, ikatoa moshi uliovuka barabara ukawafikia, kisha ikaanza kwenda. Ilikwenda kwa mwendo mmoja, kishindo juu ya kishindo, kama wanawake wawili wenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka, wala mchi haugongi mchi. Primus aliifahamu sauti ile toka enzi za mlowezi. Aliitafuta kasoro, silinda baada ya silinda, kama mtu atafutaye chawa kwenye nguo safi. Ng'ambo vigelegele vikapigwa.

— Inagonga, alisema.

— Mimi sisikii, alisema Molasi.

— Huna sikio la fundi.

Kutoka ng'ambo mama mmoja mzee alikuwa anavuka barabara, kajitanda kanga, mkononi kashika jani refu la kijani. Mzee Amina alipoliona alivua kofia. Molasi, ambaye kwao ni Kigoma, akauliza kwa sauti ya chini jani gani hilo, akajibiwa kuwa ni isale: Mchagga akikukosea hukuletea hilo kuomba radhi, nawe ukiletewa hulikatai, hata kama kosa ni la damu.

— Shikamoo, mama, alisema Primus, akasimama.

— Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Primus fundi?

— Ndiye mimi.

— Mimi ni Elinipendo, shangazi yake Sirili. Mwenyekiti anataka kumkabidhi kazi za kijiji, naye amekataa kuzipokea. Anasema kila siku anakusalimu hapa, nawe unatazama kikombe. Anasema hawezi kushika kazi iliyokuwa yako hali ana kosa kwako. Basi kanituma na isale.

Alilinyoosha jani kwa mikono miwili. Primus akanyoosha yake, na shangazi akalirudisha nyuma kidogo.

— Ngoja, baba. Kwetu nyumbani kosa hutajwa kwanza, ndipo jani lipokewe. Nimemwuliza Sirili, anaapa halijui. Nikasema nitamwuliza mwenyewe. Alikukosea nini?

Primus akafungua kinywa. Ulimini palikuwa na msasa, palikuwa na mabomba. Akawatazama wenzake. Molasi alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake. Mzee Amina alitikisa midomo akitafuta methali, hata iliyopinda, asiipate. Hata Shekue, mwenye jibu la kila kitu, alijishughulisha na makaa.

Ng'ambo injini iliendelea kwenda.

— Haya, fikiri taratibu, mwanangu, alisema shangazi. Sina haraka.

Akakusanya kanga yake, akaketi benchini mahali alipoinuka Primus, jani kalilaza magotini, akamtazama usoni akingoja jibu.