Koti la Mifuko Kumi na Mmoja

Benchi lile zamani lilikuwa mlango wa kabati. Mwenye kabati alihama, Fundi akauokota mlango, akaupigilia miguu minne na kuuegemeza ukutani nje ya chumba chake cha kushonea, na tangu siku hiyo benchi halijawahi kupoa. Wenyewe ni watatu. Breki aliendesha lori miaka ishirini na sita, lakini jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mazungumzo yanayopita asiyasimamishe. Daktari hakusomea udaktari. Alilazwa hospitali wiki saba kwa mguu uliovunjika, akatoka na fimbo na majina ya dawa zote. Wa tatu ni Mama Birika, anayeleta kahawa kila alasiri, akaimimina, kisha akakaa kuwasaidia wateja wake kuinywa. Siku hiyo wote walikuwa wameugeukia mlango wa chumba cha kushonea, alikosimama Fundi ndani ya koti la kijivu. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, kwenda ng'ambo kwa binti yake.

— Hebu geuka, — akaamuru Breki. — Tuone mgongo.

Fundi akageuka. Koti nalo likageuka, ila lilichelewa kidogo.

— Mifuko imefika mingapi?

— Kumi na mmoja.

— Jana si ilikuwa kumi?

— Jana Daktari alikuwa hajakumbuka masikio.

— Masikio si mchezo, — akasema Daktari. — Kule juu hewa inayabana. Pamba ina mfuko wake, vidonge vya tumbo vina mfuko wao. Ukivichanganya, utajikuta umetafuna pamba na tumbo bado linauma.

— Na nakala ya pasipoti? — akauliza Mama Birika. — Umeitenga na pasipoti yenyewe?

— Nimeitenga, dada. Pasipoti iko kifuani. Nakala iko mgongoni, ndani ya bitana.

— Mgongoni utaifikiaje?

— Siifikii. Mimi nisipoifikia, mwizi ataifikia wapi?

Wakakubali kwamba hapo alikuwa na hoja.

Fundi hakuwa mtu wa kubabaika. Lakini kila ushauri aliopewa pale benchini aliingia nao ndani, akaupima, akaukatia kitambaa na kuushonea mfuko, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kujiandaa kwa jambo lolote. Filimbi ya Breki, ya kupuliza akipotea, ilikaa kwapani kushoto. Plagi ya soketi za ng'ambo, kwapani kulia. Miwani ya akiba, tochi, uzi, sindano, karatasi yenye anwani na namba za simu za binti, kila kimoja na makazi yake. Na alikuwa na sababu ya kutotaka kukosea, ingawa hakuwahi kuisema. Miaka saba iliyopita alimsindikiza binti yake uwanja wa ndege akiwa amembebea mizigo kwa mikono yote miwili. Mlinzi akasema wasiosafiri wanaishia hapa. Binti akaipokea mizigo haraka haraka, foleni ikamsukuma, akapotelea ndani. Fundi akabaki na mikono mitupu iliyochelewa. Hakuwa amemkumbatia. Alifika nyumbani akakaa kwenye cherehani na kushona mpaka uzi ukamwishia.

— Sasa tufanye majaribio, — akasema Breki, akisimama na kuvuta suruali juu. — Mimi ndiye ofisa wa uhamiaji. Wewe, mzee! Umekuja kufanya nini kwetu?

— Nimekuja kumwona binti yangu.

— Umejibu haraka mno. Anayejibu haraka amekariri.

— Basi ajibu polepole, — akasema Mama Birika.

— Anayejibu polepole anatunga.

— Akohoe kidogo katikati, — akashauri Daktari.

— Akohoe mbele ya ofisa? — akashangaa Mama Birika. — Atafungiwa chumbani siku kumi na nne, amwone binti kupitia dirishani!

— Pasipoti! — akafoka Breki, ambaye alikuwa ameanza kuupenda ukubwa.

Fundi akaingiza mkono kifuani. Akatoa tochi. Akaingiza tena, akatoa pamba. Mara ya tatu alitoa sindano, ikamchoma.

— Mzee, nyuma yako kuna foleni ya watu mia mbili.

— Ngoja, ilikuwa hapa hapa.

— Mia tatu sasa. Kuna mtoto analia.

Pasipoti ilipatikana kwenye mfuko wa vidonge. Daktari akaipokea, akaikung'uta unga mweupe, akasema angalau haitaumwa tumbo.

— Mfuko wa kumi na mbili, — akaamua Breki. — Wa pasipoti peke yake, wenye zipu.

— Na kamba, — akasema Daktari. — Jengo likiwaka moto, anashukia dirishani.

— Mita ngapi?

— Binti anakaa ghorofa ya ngapi?

— Ya tisa.

Kila mtu akapima kamba kichwani mwake.

Ndipo alipofika muuguzi. Alikuwa mgeni mtaani, amehamishiwa zahanati ya jirani mwezi huo huo, na alikuja kuchukua sare yake. Fundi akampa, akamwelekeza nyuma ya pazia. Alipotoka ameivaa, Fundi akamwambia neno analomwambia kila mteja, maana nguo haijapata kutoka chumbani kwake bila neno hilo:

— Nyanyua mikono.

Muuguzi akanyanyua. Sare haikupanda, haikubana, haikulalamika.

— Kwa nini mikono, Fundi? — akauliza.

— Ukisimama wima, kila nguo inakaa vizuri. Nguo inajulikana mtu akitaka kufanya kitu.

Muuguzi akacheka, akalitazama koti la kijivu.

— Na hilo ni la nani?

— Ni la kwake, — wakajibu watatu kwa pamoja. — Kesho anakwenda kwa binti yake. Hajamwona miaka saba!

— Hongera, baba. — Akaliangalia tena, upande huu na upande ule. Hakuwa anatania, alikuwa anauliza tu. — Sasa utamkumbatiaje?

Fundi akajaribu kunyanyua mikono. Filimbi ikamzuia upande mmoja, plagi ikamzuia upande wa pili. Mikono ilifika usawa wa kiuno, ikasimama.

Breki akauacha uofisa, akarudi kukaa. Daktari akaitazama fimbo yake. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Fundi. Likatoa tone moja, basi.

Fundi akalivua koti. Akakaa katikati ya benchi, akatoa wembe wake wa kufumulia, akaanza na kwapa la kushoto. Breki alinyoosha kiganja mwenyewe akapokea filimbi yake. Daktari alirudishiwa pamba, akabakiza vidonge vya tumbo, akasema hivyo vitakaa kwenye begi kama vya watu wengine. Nyuzi zikaanguka miguuni pao. Mwishowe ikabaki mifuko miwili: wa pasipoti kifuani kushoto, na wa karatasi ya anwani kulia.

— Na nakala? — Mama Birika akauliza kwa sauti ndogo.

— Kwenye begi, dada. Na nyingine nakuachia wewe.

Akalivaa koti. Muuguzi, ambaye sare yake ilikuwa tayari na hakuwa na sababu ya kubaki, alikuwa bado yupo.

— Nyanyua mikono, — akamwambia.

Fundi akanyanyua. Koti likatulia mabegani kana kwamba limepumua. Jaribio lilikuwa limekwisha, na kila mtu aliona limefaulu, lakini yeye hakuishusha mikono. Alisimama hivyo hivyo mbele ya benchi, ameifungua, akipima upana wa binti yake.