Daktari Vichochoro na Moyo Wake Mwenyewe

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi yetu ya wagonjwa wa moyo, daktari wetu anastaafu. Jina lake limeandikwa mlangoni. Sisi tunamwita Daktari Vichochoro, na anaitika.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila mgonjwa aliyekuja na mshipa mkubwa wa moyo ulioziba alielezwa hivi: barabara ikifungwa, watu hupita vichochoroni. Moyo nao huweza kuotesha vijishipa vya pembeni, damu ikazunguka pale palipoziba. Yeye akatafuta dawa ya kuvihimiza vikue upesi. Vichochezi vya ukuaji, anaviita. Mimi naita mbolea, na siku hizi hanisahihishi tena, ameshachoka.

Kwa sungura wake wa majaribio mbolea ilikubali vizuri mno. Kwa watu, nusu walichomwa dawa, nusu maji ya chumvi, bila kujua nani kapata nini. Mzee mmoja fundi cherehani aliitangazia wodi nzima kwamba anavisikia vichochoro vinafunguka, akapanda ngazi anaimba. Kumbe kapewa maji! Mwisho wa yote, dawa na maji vikatoka sare. Mwingine angeficha aibu hiyo. Yeye alisimama mbele ya wakubwa akayasema yote, kisha akarudi kwa sungura wake. Hapo ndipo tunapojivunia kuwa naye.

Sasa sikieni maajabu. Mwezi uliopita alipimwa yeye. Mshipa mkubwa umeziba, na pembeni vichochoro vimeota vyenyewe, bila tone la dawa yake! Mtu mzima akashangilia kama aliyepata mjukuu. Akazunguka na picha ile kila ofisi, akaja nayo hata kwetu sisi wa kutandika mashuka, huku mkewe kaachwa kwenye benchi analia. Daktari wa upasuaji kamwambia wazi: vijishipa hivyo ni vyembamba, havitoshi, apasuliwe. Yeye anaomba aachwe kidogo, aone vitakua mpaka wapi.

Daktari, acha utoto. Umewaambia watu wangapi wasiogope kisu? Leo unajificha nyuma ya picha. Tunakushukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa kutotudanganya hata siku moja. Basi usianze kujidanganya wewe. Kitanda cha dirishani nimeshakitandika. Jumatatu asubuhi njoo ulale. Maisha mema tunakutakia, tena marefu, ila uyafuate hapo kitandani kwanza.