Mwalimu Apolonia Maganga, Aliyetufundisha Kwenda Msibani

Tarehe 30 Juni 2003 Mwalimu Apolonia Maganga atastaafu, baada ya kukitumikia Chuo cha Ugani Lukungu kwa miaka ishirini na saba. Alipofika hapa mwaka 1976 alikuwa bibi shamba kutoka Binza, Maswa, mwenye baiskeli moja na sauti ya kuwatosha watu wawili. Baiskeli imeshachakaa.

Amefundisha ugani, amelea mabweni ya wasichana, na tangu mwaka 1988 amekuwa mratibu wa mafunzo ya vijijini, yaani ndiye anayewapeleka wanafunzi wetu kwa wakulima na wafugaji wa Sapiwi, kijiji kinachotuzunguka. Kutembea naye kijijini kunataka moyo. Hapiti mji wa mtu, kama kaya inavyoitwa huku, bila kuingia kusalimia, na akikaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hakatai. Mimi niliishia kujifunza kubeba gazeti la kusoma nikimsubiri. Wanafunzi waliokulia mjini aliwapeleka wakaishi na familia za wafugaji, na waliorudi wakilalamikia mtindi aliwarudisha hukohuko wakauzoee.

Lakini mwaka ambao hatutausahau ni 1993. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye mambo mengi. Dawa ya josho haikuletwa tena, josho la Sapiwi likaota majani, na kupe wakawamaliza ndama. Sisi nasi tuliambiwa wazi kwamba chuo kisichowafaa wananchi wanaokizunguka kitafungwa. Mwalimu Apolonia akaona dawa ya magonjwa yote mawili ni moja: wanafunzi wakarabati josho, wafugaji walete ng'ombe, mazoezi yafanyike hapohapo na wizara ijionee. Wazee walikubali, na kazi ikaanza kwa shangwe.

Josho lilipokuwa karibu kukamilika, akafariki Mzee Mashimba, ambaye mji wake ulipakana na uzio wetu. Kijijini kila mji unajua wajibu wake kwenye msiba: wanaume huchimba kaburi, wanawake hupeleka maji, kuni na unga. Chuo siku hiyo kilikuwa na mechi ya mpira wa wavu. Tulishangilia mpaka jua likazama. Mwalimu Apolonia alikuwa Shinyanga kikazi, na katika sisi tuliobaki hakuna aliyevuka uzio.

Baada ya hapo wanafunzi wakawa wanasalimia "Mwangaluka" na watu wanapita kimya. Kisimani waliambiwa wasubiri, na zamu yao haikufika. Josho likajazwa dawa, lakini hakuna aliyeleta hata ndama. Mkuu wa chuo wa wakati ule, Bwana Thomasi, mtu mwema aliyekulia mjini, alidhani ni siasa za vyama vingi.

Mwalimu Apolonia aliporudi hakuitisha kikao. Alikwenda kwa mjane, Bibi Nyamizi, akashika ungo wakapepeta mtama pamoja, na jioni akarudi na jibu. Banamhala, wazee wa kijiji, walikuwa wamekitoza chuo faini kama unavyotozwa mji wowote unaokwepa msiba: fahali wa kuchinjwa na kuliwa na kijiji kizima. Mpaka faini itolewe, hakuna wa kutupa maji, moto wala salamu.

Kikao kikawepo, na kilikuwa kirefu. Mhasibu alisema serikali haina kasma ya faini ya msiba. Mwingine akauliza kama wazee wana mamlaka ya kuitoza faini taasisi ya umma. Mwalimu Apolonia alichoshwa na hoja hizo. Alikwenda Migato kwa kaka yake, akamchukua fahali wake mwenyewe aliyefugwa huko na kumswaga mpaka Sapiwi.

Wazee wakamkataa yule fahali. Walimwambia Mwalimu kwa upole kwamba yeye hana kosa. Kosa ni la mji, mji una baba yake, na baba aje mwenyewe, tena asije mikono mitupu. Hapo tulikata tamaa, kwa sababu bila mazoezi ya josho wanafunzi wa mwaka wa pili wasingehitimu, na chuo kisingekuwa na la kujitetea.

Alichomwambia Bwana Thomasi hatukijui hadi leo. Tulichokiona ni mkuu wetu, na tai yake shingoni, akitoka getini na mzigo wa kuni kichwani, Mwalimu Apolonia akiushikilia kwa nyuma usianguke. Sisi tukafuata na ndoo za maji kutoka kwenye tangi la chuo. Bibi Nyamizi alipouona mzigo ule unavyoyumba alicheka, mara ya kwanza tangu amzike mumewe, akaupokea. Mzee Mayige, aliyekuwa msemaji wa wazee, akasema: "Haya, bana bane, wanangu, sasa na nyie ni mji. Mleteni huyo fahali." Kesho yake ng'ombe walilijaza josho kuanzia asubuhi.

Wizara ilipokuja, waliowatembeza wageni ni wafugaji wenyewe, na chuo kikabaki wazi. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao, wakulima walikuja kwetu kuulizia mbegu kama mtu anavyomuuliza jirani. Tangu mwaka ule hakuna msiba Sapiwi ambao chuo hakikupeleka wachimbaji, na mwalimu mpya hapa hukabidhiwa jembe kabla ya ratiba ya vipindi.

Hata hivyo tuna hofu, na ni vizuri tuiseme. Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa akisikia kilio kwanza na kutugongea milango. Bila yeye chuo kinaweza kurudi nyuma ya uzio wake taratibu, bila mtu kugundua, mpaka siku tutakayosalimia na kukosa wa kuitikia.

Mwalimu Apolonia harudi Binza. Wazee wamempa kiwanja Sapiwi, jirani na Bibi Nyamizi, na nyumba imeshaezekwa. Kuanzia Julai mosi yeye ni mwanakijiji, na sisi ndio majirani zake.

Mwalimu, asante kwa kila mlango ulioubisha ukiwa nasi. Tunakuombea uzee wa amani, maziwa ya kutosha na magoti yasiyouma. Ukisikia kilio, tuma mtu atuite. Tutakuja.

Joakim Nyanda,
Idara ya Mifugo