Kidude Kinachoita Sisimizi

Tik! Kililia mara moja usiku, kisha kimya. Mtaa mzima ulikuwa umelala, isipokuwa Sofa, fundi wa kuvalisha viti, aliyekuwa jikoni kwake akijitengenezea chai kwa kunyata kama mwizi. Na, kumbe, jirani yake Redio, kinyozi, upande wa pili wa ukuta. Kilicholia ni kikopo cha plastiki, ukubwa wa kiberiti: ukikibonyeza kichwani, kinadondosha kidonge kimoja cha utamu usio sukari. Ushauri wa kutumia vidonge hivyo Sofa aliupata zahanati, pamoja na jina la kilichompeleka huko. Jina hilo hajalitamka mbele ya kiumbe yeyote, maana anakijua kijiwe chao. Hata Hewa, mziba pancha na mgawa majina wa kijiwe, aliumwa jino wiki moja tu, akaitwa Pengo mwaka mzima. Basi kila alasiri Sofa hupokea kikombe cha kahawa. Redio, mshika kijiko wa kijiwe, humtilia sukari kwa mapenzi tele. Nao wakigeuka, Sofa humwaga yote nyuma ya benchi.

Leo Redio alianza hata kabla ya kukaa.

— Jamani, kwa Sofa kuna kitu kinalia tik. Saa nane usiku!

Sofa aliubana mfuko wa suruali.

— Ni saa ya ukutani.

— Saa gani inapiga mara moja ikaridhika?

— Kiberiti cha gesi hicho, alisema Hewa. Mzee mzima kaanza sigara.

— Sigara wapi! Mama Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka vikombe vikagongana. Kaka yenu kapata mtu. Hiyo ni simu ya kukunja. Akisikia mtu anapita, anaifunga: tik.

— Saa nane usiku nani apite jikoni kwake? aliuliza Hewa.

— Dhamiri.

Redio aliinua kijiko kama mwenyekiti wa mkutano.

— Nyote mmekosa. Hebu tazameni nyuma ya benchi.

Wakatazama. Pale pale anapomwaga kahawa, sisimizi walikuwa wamepanga foleni ndefu, wenye kwenda na wenye kurudi, kila mmoja na shughuli zake.

— Wako nyuma ya nani? Ya Sofa! Na chooni kwangu, ukuta mmoja na Sofa, wamehamia ukoo mzima. Chooni, jamani! Wanafuata nini chooni? Kile kidude kinawaita. Tik, jeshi linapanga mstari.

— La kazi gani?

— Viti, Hewa, viti! Linatumwa majumbani mwa watu, linatafuna makochi. Asubuhi mwenye kochi anakimbilia kwa nani?

— Hao ni sisimizi, kaka. Wanaotafuna mbao ni mchwa.

— Wanaanza kama sisimizi. Wakifaulu, wanapandishwa daraja.

Mama Birika alikipakata kigoda chake kama mtoto mchanga.

— Kaka Sofa, hiki niliachiwa na marehemu mama. Waambie askari wako wakiruke.

Sofa angecheka, na alitamani sana kucheka, lakini kikombe chake kilikuwa kimeshafika, na kijiko cha Redio kilikuwa kimeshapita humo. Leo hakuna aliyegeuka. Macho yote yalikuwa kwake.

— Kama huna siri na hao sisimizi, kunywa yote tukuone, alisema Redio.

Hapo akasikika dada mmoja, mteja wa Sofa, aliyeleta stuli iliyochanika na kuikalia mwenyewe muda wote akimngoja fundi.

— Samahani, kaka kinyozi. Wewe saa nane usiku ulikuwa macho unafanya nini?

Hewa alimtazama Mama Birika. Mama Birika alichungulia ndani ya birika.

— Nilitoka kujisaidia, alisema Redio.

— Basi ni jana tu?

— Jana, juzi, kila siku. Nikisinzia kidogo tu, kibofu kinaniita. Nikirudi, koo kavu, nakunywa maji kama ngamia. Nikilala, tena naitwa. Mnadhani kwa nini nazijua kelele zote za mtaa huu?

Akacheka peke yake, akaimaliza chupa yake ya maji. Sofa aliutazama mkanda wa rafiki yake, uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Maji. Choo. Suruali kupwaya. Muuguzi alimuuliza yeye maswali hayo hayo. Akinyamaza, atabaki na jina lake zuri la Sofa, na siku moja, upande wa pili wa ukuta, mtu ataanguka.

Akakiweka kikombe chini. Akatoa kikopo, akakisimamisha juu ya benchi.

— Tik! alipiga kelele Hewa akiruka, ilhali hakijabonyezwa.

— Vidonge vya utamu tu, Hewa. Vinashika nafasi ya sukari. Haviniponyi kitu, vinanipa chai inayonyweka. Redio, kahawa zako nimewanywesha sisimizi, unisamehe. Lakini wale wa chooni si wangu. Wale unawalisha mwenyewe, kila ukienda kujisaidia.

— Mimi? Nawalisha nini?

— Kesho funga saluni. Tutakwenda wote zahanati, wakupime damu. Na mimi nilianza hivyo hivyo.

— Ulianza nini, Sofa? Sauti ya Redio, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo. Kina jina?

Sofa alimtazama Hewa, mgawa majina wa kijiwe. Haya, na aniite atakavyo.

— Kisukari.