Programa ya Laptopu ya Mama Mkwe

Benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa limejaa asubuhi hiyo, kahawa ingali ya moto. Fundi Taratibu alikuwa na raha zake zote, kasoro jambo moja. Laptopu ya mama mkwe, mwalimu wa ushonaji, ilikatikiwa na umeme katikati ya kusasishwa, na tangu hapo haiwaki. Ilibidi chipu yake yenye maagizo ya kuiwasha iandikwe upya kwa kile kifaa mafundi wanachokiita programa. Alikuwa ameazima mbili dukani achague ya kununua: nyeusi ya bei chee na ya kijani iliyozidi kidogo. Mwaka jana aliunguza chipu ya jirani. Akiunguza na hii, heri ahame mtaa.

— Chukua nyeusi, — alisema kinyozi, waliyemwita Waziri. — Mafundi kibao wanayo.

— Hiyo inamwaga volti tano! — alipaza sauti Spika, muuza chaja asiyejua kunong'ona. — Chipu zinataka tatu na kitu. Utaikaanga!

— Aichomeke kwenye kompyuta kuukuu. Umeme wake umeshachoka.

— Umeme unachoka, Waziri?

— Kwani wewe huchoki?

Benchi zima likaangua kicheko.

— Kijani ina swichi, — Spika aliendelea. — Unashusha volti hadi hizo tatu, unalala usingizi wako.

— Na akiigusa kwa kiwiko? Anunue zote, azifunge pamoja, zigawane volti nusu kwa nusu!

Taratibu alikuwa ameanza kulifikiria hilo, Mungu amsamehe, mama mkwe alipotokea. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, kaeni. Fundi, hiyo chipu yangu imeandikwa nini mgongoni?

Vikombe vitatu vitatu vya kahawa vilikuwa vimeshanywewa, na hakuna aliyefungua hata skrubu moja.

— Mimi sichagui sindano kabla sijashika kitambaa, — alisema mama.

Aibu ikamshika Taratibu. Akaitoa laptopu chini ya benchi, akaifungua palepale, akasoma namba ya chipu, Spika akaitafuta kwenye simu.

— Volti moja nukta nane tu, — alisema Spika, kwa sauti ya chini.

— Maana yake?

— Maana yake zote mbili zingeiunguza, mama, — alisema Taratibu. — Inataka na adapta ya kushusha volti. Ni kidude tu, bei yake haiumi.

Mama akavuta nafasi kwenye benchi, akaketi.

— Basi kaitafute, mwanangu. Nakusubiri hapahapa.

Taratibu aliondoka mbio kwa furaha. Tangu aoe, mama mkwe alikuwa akimwita Fundi tu.