Habsa Waqo, Mratibu Asiyekuwa na Amri Juu ya Gari Hata Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi Habsa Waqo anastaafu kama mratibu wa timu za pamoja za mashirika ya misaada hapa Isiolo. Mhariri wa jarida letu aliniomba mimi, Marete wa usafirishaji, niandike haya kwa sababu eti ndimi niliyegombana naye mara chache zaidi. Mhariri huyu ni mgeni, ana mengi ya kujua.

Madam, kama tunavyomwita sote kuanzia madereva hadi wakurugenzi, alizaliwa Chechelesi, akasomea uuguzi, akaanza kazi kwa kupima watoto uzito kwenye kliniki zinazofuata wafugaji malishoni. Alipopewa uratibu, kila shirika lilikuwa likienda kivyake. Kila moja lilikuwa na nembo yake, magari yake na bosi wake Nairobi anayengoja ripoti yake. Kijiji kiliweza kupata wageni wa maji asubuhi, wa chakula adhuhuri na wa afya alasiri, wote wakiuliza maswali yale yale: mko wangapi, mnakula nini, mmepoteza mifugo kiasi gani. Madam aliwaketisha wakuu wao kwenye meza moja kila Jumatatu na kuwaambia waziwazi kwamba ni aibu. Hapo ndipo timu ya pamoja ilipoanza. Kila shirika linatoa gari na mtu wake, msafara unaingia kijijini mara moja, na anayeuliza maswali ni mmoja kwa niaba ya wote.

Ugumu wa kazi hiyo wengi hawaujui. Mratibu haajiri mtu wala hafuti mtu. Magari si yake, madereva si wake, na hao wakuu wanaoitikia kwa kichwa mkutanini wanaweza kufanya kinyume kabisa wakishatoka mlangoni. Akitaka jambo lifanyike, lazima ashawishi, abembeleze, anune, kisha arudi tena kesho. Madam alikuwa hodari hasa wa kununa. Aliwahi pia kuondoa viti vya wachelewaji kabla ya mkutano kuanza, na mkurugenzi mmoja mgeni akasimama mpaka mwisho akidhani ndiyo desturi ya Isiolo.

Lakini siwezi kumwandika kana kwamba ilikuwa vicheko tu. Lazima niandike habari za Korbesa, kijiji cha kando ya mto, mwaka ule wa mafuriko.

Msimu ule wafadhili walikuwa wameyabana mashirika yapate taarifa haraka, na makubaliano yetu ya Jumatatu yakawekwa kando. Katika wiki moja kila shirika lilituma watu wake Korbesa. Wazee waliketishwa, akina mama waliketishwa, wakaulizwa na kuulizwa tena, na hakuna aliyerudi na chochote mkononi. Madam alipinga mpaka sauti ikamkauka. Hawakumsikiliza, nami nilimwona akitoka mkutanini akiwa na hasira ya mtu anayejua kitakachofuata.

Siku chache baadaye tulikuwa Merti na msafara wa pamoja simu ilipoingia kutoka mto unakotokea, upande wa Archers Post. Mto Ewaso Nyiro ulikuwa umefura kuliko watu wa huko walivyowahi kuona. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kule milimani, na maji yalikuwa njiani kuteremka. Yangefika Korbesa kabla ya jua kutua. Tuliondoka bila hata kumaliza chai.

Korbesa hakukuwa na wingu hata moja. Wazee walituona tukishuka kwenye magari na hakuna aliyeinuka. Madam aliwasalimu, salaam aleikum, kisha akawaeleza kwa Kiborana kwamba lazima waondoke sasa hivi waende kwenye mwinuko ng'ambo ya laga, lile korongo la mchanga lililo nyuma ya kijiji. Mzee Mamo, aliyekuwa msemaji wao, alimsikiliza mpaka mwisho. Alipojibu alitumia Kiswahili, ili sote tupate haki yetu.

"Nyinyi mlikuja juzi, jana mkakuja. Mnaandika sisi, mnaenda. Leo mnataka tutoke kwa nyumba zetu, na mbingu iko safi namna hii. Nani ataamini nyinyi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Madam hakututetea. Alimwambia mzee kwamba anasema kweli, kwamba neno letu tumelichosha wenyewe, kisha akauliza wafanye nini ili waaminike leo, leo tu. Wazee wakanong'onezana. Jibu lilikuwa kwamba mifugo wakubwa wangeweza kuvushwa kwa miguu, lakini vitoto vya mbuzi na kondoo vya msimu ule visingeweza, na baada ya ukame mrefu uliotangulia mvua zile ndivyo vilivyokuwa mifugo ya kesho. Hakuna mama ambaye angeviacha. Tukivibeba kwenye magari yetu, watajua hatukuja kuandika.

Kwa mtu wa nje, hilo ni jambo dogo. Kwetu sisi, hakuna shirika linaloruhusu mnyama ndani ya gari lake. Kuna dereva Isiolo aliyefutwa kazi kwa sababu ya mbuzi mmoja wa sikukuu. Madam alisikiliza, akainama, akaokota kitoto cha mbuzi na kukiweka kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye. Akal, dereva wa shirika la lishe, alimtazama kidogo tu kisha akafungua mlango wa nyuma wa Landkruza yake. Wengine wakafuata.

Akabaki Abdirahman, msimamizi wa malori. Shirika lake ndilo lililokuwa nayo, na bila hayo tusingeweza kubeba kijiji kizima. Alikuwa amepiga simu Nairobi, na jibu la Nairobi lilikuwa fupi: hakuna mifugo, na magari yatoke huko kabla barabara haijakatika. Alisimama na simu mkononi huku kijiji kizima kikimtazama yeye. Malori yakiondoka matupu, hakuna ambaye angepanda magari yetu, na sote tulilijua hilo.

"Madam, unaniagiza ama unaniomba?" akauliza. "Ukiniagiza, nitasema ni wewe."

Angeweza kudanganya. Ningekuwa mimi, ningedanganya.

"Sina uwezo wa kukuagiza, Abdirahman. Nakuomba."

Abdirahman aliitia simu mfukoni na kwenda kufungua mlango wa nyuma wa lori la kwanza.

Tulipakia kwa fujo. Watoto, vikongwe na vitoto vya mbuzi walibanana pamoja, na kelele zao bado ninazo masikioni. Wenye nguvu walivuka laga kwa miguu wakiswaga mifugo wakubwa. Mzee Mamo na wazee wachache wasioweza kutembea walikosa nafasi, ikabidi wangoje safari ya pili. Madam aliwaachia akina mama kiti chake akabaki nao. Nilijaribu kubishana naye. Akanuna, nikaondoka.

Tulipomaliza kushusha watu kwenye mwinuko, laga tuliyoivuka ikiwa kavu ilikuwa tayari na maji ya rangi ya chai. Sheria ya msafara ni kwamba gari haliingii kwenye maji yanayotembea. Niliita kwa redio, Madam hakujibu. Niliita tena. Madereva walitazamana, kila mmoja akingoja wa shirika lingine aseme neno. Ndipo Abdirahman alipochukua ufunguo kwa dereva wake, akapanda lori peke yake na kuingia majini. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyemwomba.

Maji yalifika kwenye milango. Lori liliyumba, likakwama, likanguruma, likatoka upande wa pili na kupotea nyuma ya vichaka. Tulibaki ukingoni. Akal alikuwa akiomba kwa Kiturkana, nami nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Maji yaliendelea kupanda tukiyatazama. Hatimaye lori likarudi, likavuka huku magurudumu yakitafuta mchanga, wazee wote wakiwa nyuma na Madam katikati yao, ushungi umelowa, akiwashikilia. Kabla ya jua kutua mto ulipita juu ya Korbesa na kubeba nyumba. Haukubeba mtu.

Abdirahman aliitwa Nairobi kujieleza. Madam alisafiri naye bila kualikwa, akaketi nje ya mlango mpaka wakachoka kumwona, na alipoingia alisema ombi lilikuwa lake. Abdirahman yuko nasi mpaka leo. Baadaye mashirika yalikubaliana kwamba wakati wa hatari mratibu anaamuru magari yote, na kwamba hakuna shirika litakaloingia kijijini peke yake kuhoji watu. La pili alilipigania kwa ukali zaidi. "Maji yaliletwa na mvua," aliwaambia wakuu kwenye mkutano wa Jumatatu. "Kutoaminiwa tulijiletea sisi wenyewe."

Madam, kwa niaba ya mashirika yote yaliyowahi kukukasirisha, asante. Asante kwa Jumatatu zako, kwa hasira yako na kwa kutotudanganya hata siku uongo ungekuwa rahisi. Tumesikia umejenga Merti, karibu na mto, na kwamba utafuga mbuzi. Mungu akupe afya, umri mrefu na malisho mazuri. Lakini mvua za mwisho wa mwaka zikija na mto ukaanza kufura, watakaobisha mlangoni kwako kukuomba utoke ni sisi. Tafadhali, Madam, siku hiyo utuamini.